Kiti Hakina Jinsia: Kabla Hatujawacheka Waingereza na "He" Yao



Wiki chache zilizopita nilikuwa sebuleni kwa rafiki yangu hapa Uingereza. Tulikuwa watu saba hivi, chai ya maziwa na vitumbua mezani, televisheni imewashwa. Mwanasiasa mmoja alikuwa anahutubia. Kila alipofika mahali ambapo zamani wangesema "he", yeye alisema "they". Palipokuwa pa "chairman", akasema "chair". Mmoja wetu akatikisa kichwa: "Hawa Wazungu wameishiwa mambo ya kufanya. Bili ya gesi imepanda, hospitalini foleni, wao wanagombana na viwakilishi!" Tukacheka. Mwingine akaongeza kwa fahari: "Sisi Waswahili tulishamaliza hayo zamani. Yeye ni yeye. Mwenyekiti ni mwenyekiti." Tukacheka tena, na mimi nikiwemo.

Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kile kilinikaa vibaya. Kwa sababu kati ya wote waliokuwa pale, mimi ndiye niliyewahi kulitumia neno "he" kumfungia mtu mlango. Sikukusudia. Hata hivyo mlango ulifungwa, na kalamu iliyoufunga ilikuwa yangu. Nimeona nilieleze jambo hili hadharani, kwa sababu naamini tunaowacheka Waingereza tunacheka mahali pasipo pake, na tunajisifu mahali pasipo pake vilevile.

KATIBA NILIYOITAFSIRI

Wengi wenu mnavijua vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Mtu anafariki huku, familia iko kule, na tiketi ya maiti haingoji mtu apate mshahara. Cha kwetu tulikianzisha watu kumi na wawili jikoni kwa mwenzetu mmoja. Tuliandika katiba ya kurasa nne kwa Kiswahili safi: "Mwenyekiti atachaguliwa na mkutano mkuu. Akishindwa kutekeleza wajibu wake, mkutano unaweza kumwondoa." Mambo yakaenda.

Benki ikataka katiba kwa Kiingereza ndipo itufungulie akaunti. Nikapewa kazi hiyo mimi, kwa kuwa nilisomea lugha. Niliifanya usiku mmoja baada ya zamu, macho yananiuma. "Mwenyekiti" nikamwandika "Chairman". "A-" yetu ya "akishindwa" nikaigeuza "he". "Wajibu wake" ukawa "his duties". Ndivyo nilivyofundishwa shuleni, kwamba "he" inawabeba wote. Hakuna aliyeuliza. Karatasi ikaenda benki, ikakaa huko miaka minane.

Kisha mwanamke mmoja akachukua fomu ya uenyekiti. Nitamwita Dada tu. Alikuwa mweka hazina wetu kwa miaka sita, na vitabu vyake hata matumizi ya pauni tano yalikuwa na risiti. Maiti tatu zilisafirishwa kwenda nyumbani mikononi mwake: yeye na shirika la ndege, yeye na ubalozi, yeye na chumba cha maiti, usiku na mchana. Kama kuna mtu aliyekuwa anakiendesha chama kile, alikuwa ni yeye.

Siku ya mkutano mkuu mzee mmoja, ambaye namheshimu mpaka leo, akasimama na karatasi yangu mkononi. Akasema: "Jamani, mimi sina neno na dada yetu. Lakini hii ndiyo iliyoko benki. Hii ndiyo wanayoitambua wenye nchi. Inasema Chairman, inasema he. Kesho wakituuliza tutajibu nini?"

Watu wakacheka, lakini wengine walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Tukabishana juu ya neno moja kwa zaidi ya nusu saa. Na mimi niliyeliandika nilikuwa natazama viatu vyangu. Ningeweza kusimama nikasema: neno hilo ni langu, ni uchovu wa usiku mmoja, halina maana zaidi ya "yeye". Sikusimama. Niliogopa kuonekana nimeharibu tafsiri, na niliogopa kumwaibisha mzee mbele ya watu.

Dada alijijibia mwenyewe. "Katiba niliyoisaini mimi ni ya Kiswahili. Inasema Mwenyekiti. Kiti hakina jinsia."

Tukapiga kura. Matokeo nitayasema baadaye, kwa sababu ndani yake kuna somo lingine.

"MAN" ALIKUWA NANI?

Baada ya hapo nilianza kusoma. Nilidhani yule mzee alibuni hoja yake papo hapo. Nikakuta kwamba majaji wa Uingereza walimtangulia kwa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufupisha lugha ya sheria zake. Ndani yake mliwekwa kanuni hii: neno lolote la kiume katika sheria lihesabike kuwa linamjumuisha na mwanamke, isipokuwa sheria yenyewe ikitamka vingine. Kwa maneno mengine, "he" ni yeye. Hiyo ndiyo mizizi ya kile tulichofundishwa darasani, na makoloni nayo yakairithi kanuni hiyo katika sheria zao.

Ikaja mwaka 1867, Bunge linapanua haki ya kupiga kura mijini. Muswada ukasema "every man". Mbunge mmoja, mwanafalsafa John Stuart Mill, alisimama tarehe 20 Mei akapendekeza neno "man" litolewe na liwekwe "person", yaani mtu. Badiliko la neno moja tu. Akashindwa kwa kura 196 dhidi ya 73.

Wanawake wa Manchester wakasema: hewala, lakini si mlisema wenyewe mwaka 1850 kwamba mwanamume anamjumuisha na mwanamke? Mwaka uleule mwanamke mmoja mwenye duka, Lily Maxwell, jina lake liliingia kwenye daftari la wapiga kura kwa makosa. Akaenda, akapiga kura. Zaidi ya wanawake 5,000 wa mji ule wakaomba nao waandikishwe. Shauri lao likafika mahakamani mwaka 1868, na mmoja wa mawakili wao alikuwa Richard Pankhurst, ambaye baadaye alimwoa Emmeline, yule mama aliyeongoza mapambano ya kura za wanawake.

Majaji wakasema hapana. "Man" katika sheria ya kura ni mwanamume.

Hebu tulitazame jambo hili taratibu. Mwanamke mwenye duka, sheria ya kodi ikisema "he", alilipa. Sheria ya makosa ikisema "he", alifungwa. Lakini sheria ya kura iliposema "man", aliambiwa hakutajwa. Neno lilikuwa kama mpira: kwenye mzigo linavutwa mpaka limfikie mwanamke, kwenye haki linaachiwa lirudi. Wanawake wa Uingereza walisubiri mpaka mwaka 1918 kupata kura, tena wenye umri wa miaka 30 kwenda juu na kwa masharti ya mali. Usawa na wanaume ulikuja mwaka 1928. Kati ya kushindwa kwa Mill na usawa huo kuna miaka 61.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba "he" inamaanisha wote na kwamba haya ni makelele ya watu wasio na kazi, namwambia ahadi hiyo ilishatolewa kwa maandishi, na ilishavunjwa mahakamani. Anayedai neno liandikwe wazi ana kumbukumbu, basi. Ndiyo maana mwaka 2007, tarehe 8 Machi, siku ya wanawake duniani, Jack Straw, aliyekuwa kiongozi wa shughuli za serikali katika Bunge la Makabwela, alitangaza kwamba miswada ya serikali itaandikwa kwa lugha isiyoelemea jinsia moja. Walichukua miaka 140 kurudi kwenye wazo la Mill.

NENO JIPYA NALO HALITOSHI

Sasa wale ndugu zangu wa sebuleni wasidhani nimehamia upande wa pili moja kwa moja. Nina hoja dhidi ya wenzetu wa huku pia.

Kanada wao walikuwa na lile neno ambalo Mill alilililia. Katiba yao ya mwaka 1867 ilisema kwamba wanaoteuliwa kuingia Seneti ni "persons" wenye sifa. Mtu, si mwanamume. Je, mwanamke aliingia? Wanawake watano wa jimbo la Alberta, wakiongozwa na Emily Murphy, ambaye alikuwa hakimu, walilazimika kuiuliza mahakama kama mwanamke ni mtu. Mwaka 1928 Mahakama Kuu ya Kanada ikajibu kwamba, kwa maana ya kifungu kile, hapana. Wakakata rufaa London, kwenye Baraza la Mfalme, baraza lilelile ambalo rufaa za makoloni yetu ya Afrika Mashariki nazo zilikuwa zikifika. Tarehe 18 Oktoba 1929 Lord Sankey akatoa uamuzi kwamba ndiyo, mwanamke ni mtu. Mwaka 1930 mwanamke wa kwanza akateuliwa seneta. Hakuwa Emily Murphy. Yeye alikufa bila kukikalia kiti hicho.

Mnaona? Uingereza walikuwa na neno la kiume, likawafungia wanawake nje. Kanada walikuwa na neno la wote, na bado mlango ulifungwa, kwa sababu waliokuwa wanalisoma neno hilo kichwani mwao waliona mwanamume tu. Neno zuri linamsaidia anayetaka kufungua. Asiyetaka kufungua atapata njia.

Ndiyo maana mimi huchoka ninapoona wanasiasa wanabadilisha kibao cha mlangoni halafu wanajipongeza kana kwamba wamefungua mlango. Mnamkumbuka mbunge wa Marekani, Emanuel Cleaver, ambaye pia ni mchungaji? Tarehe 3 Januari 2021 alifungua Bunge jipya kwa sala, akamaliza kwa "amen" kisha akaongeza "a-woman". Baadaye alieleza kwamba ulikuwa utani wa maneno kwa heshima ya wanawake ambao idadi yao bungeni ilivunja rekodi. Lakini "amen" ni Kiebrania, haina uhusiano wowote na "men". Sisi tungemsaidia bure: kwetu husemwa Amina, na Amina ni dada yangu wa tumbo moja.

Au Justin Trudeau, Februari 2018 kule Edmonton. Mama mmoja alikuwa anauliza swali, akasema "mankind". Waziri Mkuu akamkatiza akamwambia waseme "peoplekind". Dunia nzima ikamcheka, naye baadaye akasema ulikuwa mzaha mbaya. Kilichoniudhi mimi hakikuwa neno. Mama yule alikuwa ameshika kipaza sauti, na mwanamume mkubwa akamkatiza ili amfundishe kuwaheshimu wanawake.

Nao wanaopinga wana vituko vyao. Januari 2021 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilibadilisha lugha ya kanuni zake za ndani, "baba" na "mama" wakaandikwa "mzazi". Uvumi ukaenea kwamba wabunge wamekatazwa kutamka baba na mama. Haikuwa hivyo, maandishi ya kanuni ndiyo yaliyobadilika. Lakini uvumi ulikuwa mtamu kuliko kanuni. Mwaka 2024 viwakilishi vikaingia kwenye matangazo ya kampeni: tangazo la Donald Trump lilisema Kamala ni wa "they/them", na Trump ni wako wewe. Likavuma sana. Januari 2025 utawala wake mpya ukawaagiza watumishi wa serikali kuu waondoe viwakilishi chini ya saini za barua pepe zao. Miaka yote walilalamika kwamba kuna watu wanataka kuwapangia la kusema. Walipopata rungu nao wakapanga.

Najua hapa nimegusa mjadala mwingine, wa wale wasiotaka kuitwa "he" wala "she". Wengi wetu linatuwia zito, kwa dini na kwa malezi, na sitalimaliza katika kurasa hizi. Niseme moja tu. Mtu anayeomba aitwe "they" anaomba kile ambacho bibi yangu alimpa kila aliyepita mlangoni kwake bila kuombwa. Alisema "amekuja", "anakula", "amelala". Hakuna mahali katika sentensi zake palipomlazimu kutangaza mgeni ameumbwaje.

SISI NA "YEYE" YETU

Na hapo ndipo fahari yetu inapoanzia. Ni fahari ya haki kwa sehemu.

Kiswahili kweli kimetutangulizia mengi. Waingereza na Wamarekani walipigania "Ms" ili mwanamke asiulizwe kama ameolewa kabla hajaandikiwa barua. Mwaka 1984 Geraldine Ferraro aligombea umakamu wa rais Marekani kwa jina lake la kuzaliwa, na gazeti la New York Times likaendelea kumwandika "Mrs. Ferraro", ingawa mumewe hakuwa Ferraro. Gazeti lile lilikubali "Ms" mwaka 1986. Sisi tuna "Bi", ya mke na ya asiyeolewa, na hakuna aliyeandamana kuipata. Enzi za TANU mwanamume na mwanamke wote waliitwa "Ndugu". Mbunge, diwani, waziri, mgombea, mwananchi: hakuna hata mmoja anayevaa suruali wala kanga.

Tazameni Machi 2021. Rais Magufuli alipofariki, Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 kushika nafasi yake. Katika Katiba ya Tanzania ya Kiswahili haikuhitajika kubadilishwa hata herufi moja ili imwenee. Tafsiri ya Kiingereza ya Katiba hiyohiyo humwita Rais "he" kila inapomgusa. Mwaka huohuo 2021 Bunge la Tanzania lilikuwa limeshapitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kila sheria inayotafsiriwa inamwacha "he" mmoja njiani. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini, ndugu zangu, nyani haoni kundule. Siku chache baada ya kuapishwa, akiwa Dodoma kwenye maombolezo, Rais yuleyule alilazimika kuwaambia wenye wasiwasi kama mwanamke ataweza kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais. Alilazimika! Katika nchi ambayo neno "Rais" halijawahi kuwa na jinsia. Wasiwasi ule ulitoka wapi, kama lugha yetu imetusafisha?

Ulitoka mahali ambapo sarufi haifiki. Sisi jinsia hatukuiweka kwenye kiwakilishi, tumeiweka kwenye sifa na kwenye tusi. Mgombea akisimama imara tunasema ni mwanamume wa shoka. Akiyumba tunamwambia ajikaze kiume. Akisemasema, ana maneno ya kike. Jirani zetu Wakenya nao waliandika katiba mpya mwaka 2010 inayosema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Maneno mazuri kabisa. Bunge likapiga chenga miaka yote, hadi tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza kifungu hicho. Halikuvunjwa.

MATOKEO YA KURA

Niliahidi kuwaambia matokeo. Dada alishindwa, kura 23 kwa 19.

Mtasema ni lile neno "he". Laiti ingekuwa hivyo, ningebeba lawama zangu nikalala. Ukweli ni kwamba baada ya ubishi ule mkutano ulikubaliana kwamba katiba ya Kiswahili ndiyo yenye nguvu. Hoja ya mzee ilianguka. Tukapiga kura kwa katiba yetu, ile ya "Mwenyekiti", isiyo na he wala she.

Lakini katiba hiyohiyo ilikuwa na kifungu kinachosema watakaopiga kura ni "wanachama waliomo ukumbini". Kwa kuwa ubishi ulichukua muda mrefu, saa ya kura iligongana na saa ya chakula. Akina mama tisa, wanachama halali, ada wamelipa, walikuwa jikoni wanapakua pilau. Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa ili moshi usiingie ukumbini. Hakuna aliyekwenda kuwaita. Wakatoka na masinia wakakuta tunampigia makofi Mwenyekiti mpya.

Mmoja akauliza, "Kwani mmeshapiga?" Tukamjibu kwamba kifungu kinasema waliomo ukumbini.

"Waliomo ukumbini." Kuna neno lisilo na jinsia kuliko hilo? Ndilo lililowaacha nje wanawake tisa kwa siku moja, na hakuna aliyeliona kwa sababu lilikuwa safi. Neno "he" angalau lilijionyesha, tukagombana nalo. Hili lilipita kimyakimya huku tunakula.

Dada alikabidhi vitabu wiki iliyofuata, kila senti mahali pake, na hakutaka tena cheo. Miezi mitatu baadaye kijana wetu mmoja alifariki ghafla. Saa tisa za usiku watu walimpigia simu nani? Hawakumpigia Mwenyekiti. Walimpigia yeye. Na yeye akaamka.

HOJA YANGU

Kwa hiyo tuache kugawanyika makundi mawili, moja linalocheka kila neno jipya na jingine linaloabudu kila neno jipya. Neno lolote la kisiasa, la Kiingereza au la Kiswahili, tulipime kwa swali moja: linamwacha nani nje? "Man" ya mwaka 1867 iliwaacha nje wanawake wote, kwa hiyo aliyedai "person" alidai haki. "Persons" ya Kanada ilihitaji watu watano wa kuipigania ndipo iwe na maana. "A-woman" haikumwingiza yeyote mahali popote. Na "waliomo ukumbini" iliwafungia jikoni mama zetu.

Baada ya kile kikao cha vitumbua nilimpigia Dada simu. Nilimwambia kwamba ile tafsiri ilikuwa yangu, kwamba siku ile nilipaswa kusimama, na kwamba naomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Kaka, hilo neno umeshalibadilisha?"

Nikasema bado, liko benki vilevile.

"Basi libadilishe kwanza. Samahani itafuata."

Mkutano mkuu ujao nitapeleka mapendekezo matatu. La kwanza, tafsiri mpya ya Kiingereza: "Chairperson", na "they" palipokuwa na "he", na benki wapelekewe nakala. La pili, kifungu cha kura kisomeke "kila mwanachama aliyehudhuria", na kura ipigwe kabla ya chungu kuinjikwa. La tatu, zamu ya pilau iwe ya wanaume mwaka huu, na mlango wa jiko ubaki wazi. Kama moshi utatuumiza macho, na tuumie wote.

Naomba kutoa hoja.